Jicho linacheza wiki ya tatu: lini usubiri, lini uende hospitali

Wiki moja kabla ya Idi alinijia mama mmoja, fundi cherehani wa Ngamiani, amebana ukope wa chini wa jicho la kushoto kwa kidole kama anayezuia kitu kisitoke. Lilikuwa linamcheza tangu kumi la kwanza la Ramadhani. Mama mkwe alishamwambia jicho la chini ni kilio, basi kila simu ikiita usiku moyo unamruka. Alitaka kujua mambo mawili: kama ni mshipa wa kichwani unataka kupasuka, na kama kuna sindano ya kulizima.

Nilimuuliza analala saa ngapi. Akacheka. Alikuwa na mabuibui kumi na saba ya kumaliza, uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, taa moja, kuanzia baada ya tarawehe mpaka daku, na kahawa chungu kila baada ya muda asije akasinzia juu ya mashine. Nilishaona tunakoelekea, lakini nilimkagua kama ninavyomkagua kila mtu, kwa sababu mambo machache makubwa huanza vivi hivi, kwa ukope kucheza.

Nafanya kazi ya macho hapa Tanga, na kwa lalamiko hili nimeona watu wa aina mbili. Kuna anayekuja mbio kwa kitu ambacho kingeisha chenyewe. Na kuna anayekaa nyumbani na kitu ambacho hakingojei, anasubiri kiishe kwa sababu mara ya kwanza kiliisha. Nitakachoeleza hapa kinaweza kufanyika nyumbani, bila kifaa chochote zaidi ya kioo na simu. Nikisema ukope nina maana ya ngozi inayofunika jicho, ya juu au ya chini, si zile nywele zake.

Anza na kioo

Simama karibu na mlango, mchana, kwenye mwanga wa kutosha. Subiri jicho lianze kucheza, kisha tazama. Je, jicho linabaki wazi, au linafumba bila wewe kutaka? Je, kinachocheza ni ukope peke yake, au shavu na pembe ya mdomo navyo vinavutwa?

Likishatulia, jaribu uso wenyewe. Inua nyusi kama uliyeshangaa. Fumba macho kwa nguvu. Jaza hewa mashavuni. Onyesha meno. Pande mbili za uso zifanye kazi sawa. Kama upande mmoja unabaki nyuma, ruka moja kwa moja mpaka sehemu ya "Halichezi tena, limegoma kufumba", usisome zaidi hapa.

Mwombe mtu akurekodi kwa simu, hata nusu dakika tu. Jicho lina tabia ya kutulia kabisa ukifika mbele ya daktari, na video hiyo itamsaidia kuliko maelezo yako yote.

Ukope mmoja unacheza, jicho linabaki wazi, uso uko sawa

Hili ndilo la wengi, na ndilo lililokuwa la yule fundi. Kuzunguka jicho kuna msuli wa mviringo, mwembamba, unaoendeshwa na mshipa wa saba wa fahamu, ule wa uso. Ndio unaotufumbisha macho. Nyuzi chache za msuli huo zikichoka au zikisisimuliwa kupita kiasi huanza kujikaza na kujiachia zenyewe, mara nyingi zaidi kwenye ukope wa chini. Ngozi ya ukope ni nyembamba kuliko ya sehemu yoyote ya mwili, kwa hiyo wewe unahisi kama jicho zima linaruka, na mumeo aliyekaa mbele yako haoni kitu. Wagonjwa wengi hufika wakiwa wamekasirika kwa hilo: nyumbani hakuna aliyewaamini.

Huweza kudumu sekunde, dakika, au kuja na kuondoka kutwa nzima. Huendelea siku kadhaa, hata wiki. Halipofushi. Si dalili ya presha ya damu kupanda, ingawa ukitaka kupima presha pima tu, haina hasara. Wala si dalili ya mshipa kupasuka.

Kuhusu la juu utaona mgeni na la chini utalia: nimekulia humo humo, bibi yangu alikuwa akifuta jicho lake kwa upindo wa leso na kusema "heri iwe kwetu". Sina ugomvi na dua. Ninachokuomba ni kwamba wasiwasi wa kilio kinachokuja usikunyime usingizi, maana kukosa usingizi ndiko kunakolifanya lizidi kucheza.

Sasa tafuta sababu. Zipo nne ninazokutana nazo, na kwa kawaida mtu anakuwa na mbili au tatu kwa pamoja.

Usingizi ndio wa kwanza. Usihesabu saa ulizolala kitandani, hesabu ulizosinzia kweli. Mlinzi wa zamu ya usiku, mama mwenye mtoto mchanga, mwanafunzi wa kidato cha nne mwezi Oktoba, mvuvi aliyerudi na bamvua: hao wote nimewaona na jicho lile lile. Usiku mmoja mzuri hautoshi. Mpe mwili wiki nzima ya kulala mapema kabla hujasema dawa hii haifanyi kazi.

Kafeini, kile kichangamshi kilicho kwenye kahawa na chai, ni ya pili, na hapa kwetu hujificha. Mtu atakwambia "mie kahawa sinywi", halafu ukimhoji ana chai ya rangi asubuhi, saa nne, alasiri na usiku, kila moja kwenye kikombe kikubwa. Kikombe cha chai huwa na miligramu 40 hadi 50 hivi. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu, zile enaji wanazonunua vijana wa bodaboda, lina takriban 80, na wengi hawaishii kopo moja. Kiwango kinachohesabiwa salama kwa mtu mzima mwenye afya ni mpaka miligramu 400 kwa siku. Kwa mjamzito ni nusu ya hapo. Lakini jicho lililokwisha kuchokozwa halingojei ufike 400. Punguza kidogo kidogo kwa siku nne au tano, kwani ukikata ghafla utapata kichwa kikali na utadhani ugonjwa umehamia huko. Vikombe vidogo vya kahawa na kashata kwenye baraza navyo vihesabu, hasa vya baada ya magharibi. Sigara na mirungi viko kwenye kapu hilo hilo. Mwenye kutumia mirungi asinifiche. Nakuuliza kwa ajili ya jicho lako, polisi si kazi yangu.

Ya tatu ni jicho kukauka na kazi ya karibu. Ukiwa umekazia macho sindano, vitabu vya hesabu au simu, unasahau kupepesa. Badala ya mara kumi na tano hivi kwa dakika, unapepesa mara chache sana. Uso wa jicho unakauka na msuli wa ukope unahangaika. Ongeza upepo wa bahari kwa anayeendesha baiskeli kutoka Sahare kwenda mjini kila asubuhi bila miwani, au feni inayompulizia mtu usoni usiku kucha kwa joto la Februari. Kila dakika 20 inua macho, tazama kitu kilicho mbali kama mita 6, kaa hapo sekunde 20 ukipepesa taratibu. Feni igeuze ielekee miguuni. Machozi ya bandia ya matone yanauzwa kwenye maduka ya dawa na ni salama. Hakikisha lebo haina dawa nyingine ndani yake. Na kama umepita miaka arobaini na unaisogeza simu mbali ili usome, unahitaji miwani ya kusomea, na jicho linaweza kuwa linakulalamikia hilo tu.

Ya nne ni mawazo. Siandiki mengi juu yake. Mwenye deni, mgonjwa hospitalini au ndoa inayoyumba anajua.

Watu huniuliza pia kuhusu vidonge vya magnesi na ndizi. Ndizi kula. Vidonge sijaona ushahidi wa kukufanya utoe hela yako kwa ajili ya ukope kucheza. Hiyo hela nunua neti nzuri ulale.

Subiri mpaka lini? Rekebisha usingizi na kafeini kwa dhati, kisha ujipe wiki mbili. Kama bado linacheza kila siku, nenda ukaangaliwe, kwa utulivu, siku yako ya kawaida. Hata lililodumu miezi mara nyingi huwa ni hili hili lisilo na madhara, ila kufikia hapo inafaa mtu mwingine aukague uso wako. Yule fundi aliniambia baadaye kwamba la kwake lilinyamaza siku ya tatu baada ya Idi, alipolala mchana kutwa na watoto wakakatazwa kumwamsha.

Linacheza, tena linawasha, linauma au ni jekundu

Hapo ukope unacheza kwa sababu jicho limechokozwa. Tibu jicho.

Geuza ukope wa chini utazame kama kuna mchanga au unywele uliogeukia ndani. Tazama mizizi ya nywele za kope: magamba kama mba na ukoko wa asubuhi maana yake kingo za kope zina uvimbe. Kitambaa safi kilicholowekwa maji ya vuguvugu, dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni, kisha safisha kingo taratibu. Inachukua wiki, vumilia. Nywele zinazokwangua jicho kila ukipepesa, hasa za ukope wa juu kwa mtu aliyekulia kwenye maeneo yenye vikope, yaani trakoma, zinahitaji mtaalamu, maana kioo cha jicho, yaani ile sehemu angavu ya mbele, kinachubuka kidogo kidogo mpaka kinapata kovu.

Saruji au chokaa ikiingia jichoni, na hapa mafundi ujenzi ni wengi, usitafute gari kwanza. Mimina maji safi mengi hapo hapo, jicho likiwa limefumbuliwa kwa vidole, kwa nusu saa nzima. Ndipo uende. Chokaa huendelea kula jicho wakati wewe unangoja bodaboda.

Halafu kuna jambo linaloniuma. Shangazi yangu mwenyewe alinunua matone ya macho kwenye duka la dawa kwa ajili ya jicho kucheza na kuwasha. Hakupimwa. Yalikuwa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe na wekundu. Wekundu uliisha siku ya pili, akafurahi, akawa anayanunua kila yakiisha kwa karibu mwaka. Steroidi ndani ya jicho kwa muda mrefu hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ulitolewa. Kilicholiwa na presha hakirudi, na sasa akitembea anagonga bega la kulia kwenye miimo ya milango. Soma chupa. Ukiona neno linaloishia na "-soni" au "-soloni" (kwa Kiingereza "-sone" au "-solone"), usitumie bila aliyekuandikia kukukagua tena. Maziwa ya mama, majani ya chai, mkojo na asali navyo visiingie jichoni. Mwanzoni mwa 2024, macho mekundu yalipoenea nchini, tuliona jinsi vitu hivyo vinavyoongeza maradhi juu ya maradhi.

Macho yote mawili yanajifumba yenyewe

Hili si lile la mwanzo. Huanza kwa kupepesa kupita kiasi, jua linakuwa kali kuliko zamani, kisha siku moja macho yote mawili yanafumba kwa nguvu na mtu anakaa sekunde kadhaa akiwa kipofu mwenye macho mazima. Hupata zaidi watu wa umri wa makamo kuendelea, na wanawake kuliko wanaume. Chanzo kiko ndani ya ubongo, kwenye sehemu zinazoratibu mijongeo.

Mzee mmoja wa Chumbageni alikuwa akivuka barabara huku anaimba kasida. Watu walidhani ni ucha Mungu, na alikuwa nao, lakini aliniambia kwa sauti ya chini kwamba akinyamaza macho yanafumba katikati ya magari. Kuimba, kuongea, kutafuna au kugusa kando ya jicho huwafungua wengine kwa muda. Ni moja ya alama za maradhi haya. Akina mama huwa na shida nyingine: huambiwa wanakonyeza waume za watu. Ndugu zangu, kama jirani yako anakukonyeza sokoni, mtaani na msibani, mshauri aende hospitali.

Tiba ipo. Ni sindano ndogo ndogo za botulinamu kwenye msuli wa ukope, ambazo hulegeza mkazo kwa miezi mitatu hivi kisha hurudiwa. Ni dawa ile ile inayosifika kwa kuondoa mikunjo ya uso, lakini Marekani iliidhinisha 1989 kwa ajili ya macho ya namna hii kwanza. Utahitaji rufaa. Usiendeshe chombo cha moto hadi ukaangaliwe.

Kabla ya yote, kumbuka dawa unazokunywa. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili zinaweza kuleta mikazo ya macho na uso. Usiziache mwenyewe, mweleze aliyekuandikia.

Ulianza ukope, sasa na shavu linavutwa

Upande mmoja tu. Kwanza ukope, baada ya miezi shavu, kisha pembe ya mdomo inapanda kila jicho linapobana. Wengine huendelea hata wakiwa usingizini. Mwulize unayelala naye. Mara nyingi mshipa wa damu umeulalia mshipa wa fahamu wa uso pale unapotoka kwenye shina la ubongo, na kila pigo la damu linauchokoza. Si la kukimbiza usiku, lakini lisingoje mwaka. Litahitaji kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya kichwa, kwanza kuhakikisha hakuna uvimbe unaobana hapo. Sindano za botulinamu husaidia hapa pia, na upasuaji wa kutenganisha mishipa hiyo upo kwa anayefaa.

Halichezi tena, limegoma kufumba

Ukiamka mdomo umekwenda upande, chai inamwagika, jicho moja halifumbi: nenda sasa, leo, hata kama ni Ijumaa jioni.

Kwa mdogo wangu ilianza kwa jicho kusumbua siku mbili, watu wakasema litapita. Siku ya tatu uso ukapinda. Nyumbani wakasema amepigwa na upepo, na mimi nilikuwa safarini. Akafukizwa, akapakwa, akasomewa, siku tano. Waliofanya hivyo walimpenda na hawakulala kwa ajili yake. Ulikuwa ugonjwa wa mshipa wa uso, unaoitwa kupooza kwa Bell. Takriban watu 7 kati ya 10 hupona kabisa hata bila dawa, na vidonge vya steroidi vikianza ndani ya saa 72 wanaopona huongezeka. Yeye alifika saa hizo zimepita. Mdomo ulirudi. Jicho mpaka leo halifumbi sawasawa, na usiku mkewe anambandikia plasta laini ya karatasi ili lisikauke. Dua na vidonge vingeweza kwenda pamoja siku ile ile ya kwanza.

Kiharusi nacho hupindisha uso. Kikawaida mwenye kiharusi bado anaweza kukunja paji la uso pande zote mbili, na aliyepooza mshipa wa uso hawezi upande ule, lakini usikae nyumbani kupima hilo. Mkono kulegea, maneno kuparaganyika, kutembea kama mlevi: gari hapo hapo, na uandike saa ilipoanza, kwani ndilo swali la kwanza utakaloulizwa. Na ukishauriwa kupima VVU kwa sababu ya uso uliopooza, kubali. Kwa wengine huwa ndiyo dalili ya kwanza.

Ukope unaoanguka na kufunika mboni bila kucheza ni safari hiyo hiyo ya haraka kama umekuja ghafla, na hasa kama kuna maumivu makali ya kichwa au mboni moja imekuwa kubwa kuliko mwenzake. Unaoanguka jioni na kuwa mzuri asubuhi, na vitu vinaonekana viwili, nao uonwe mapema. Ukiongezeka ugumu wa kumeza au kupumua, usingoje.

Mtoto anayepepesa

Mara nyingi ni mzio, haja ya miwani, au mazoea ya kupepesa ambayo kugombezwa huyazidisha. Ila mchunguze hivi: anasimama katikati ya neno, kope zinapapatika, macho yanatazama pasipo na kitu sekunde tano au kumi, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea, na hajui kwamba alipotea. Mara nyingi kwa siku. Mwalimu atasema anaota darasani. Hiyo yaweza kuwa aina ya kifafa, na ina dawa nzuri ya vidonge. Mrekodi.

Ukienda

Yasiyo ya haraka yaanzie zahanati au kituo cha afya ulicho karibu nacho upate barua, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Ya mishipa ya fahamu huweza kupelekwa KCMC Moshi au Muhimbili. Anayetoka Pangani au Lushoto alale mjini kwa ndugu ili awahi foleni ya asubuhi, na asiendeshe mwenyewe, kwani anaweza kutiwa matone ya kupanua mboni na mchana kutwa asione vizuri karibu, jua likimchoma. Beba kofia. Beba dawa zako zote kwenye mfuko, za hospitali na za mitishamba, na chupa ya matone hata kama imeisha. Video iweke mwanzo kabisa kwenye simu usije ukaanza kuitafuta mlangoni, na uandike kwenye karatasi ilianza lini, upande upi, na kama umewahi kuamshwa nayo.